Mti Husafiri Bila Ndugu Zake

Hotuba kwa wakulima na wapenda bustani, siku ya kubadilishana miche, Bahati, Kaunti ya Nakuru

Mwenyekiti wetu, akina mama, akina baba, vijana mlioondoka Molo alfajiri, na wageni wetu wa Kisumu ambao naona mmefunga jaketi hadi kidevuni: hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya miti ya matunda isiyo ya kawaida, na namna ya kuitunza ikakaa, ikazaa. Nashukuru kwa nafasi hii.

Nianze na mwembe. Mwaka 1998 nilitoka nyumbani kwa mama, Luanda kule Vihiga, nikiwa nimepakata mche wa mwembe kwenye basi kama mtoto mchanga. Maembe ya mama yalikuwa matamu mno. Tulikuwa tukiyala tukisimama, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Nikaupanda mche ule hapa Bahati, penye udongo mzuri kuliko ule wa nyumbani. Nikaulisha samadi, nikaumwagilia. Ukakua, ukanipita kimo. Kila mwaka ulichanua, na kila mwaka maua yalivaa unga mweupe, yakakauka, yakaanguka. Miaka 11! Jirani mmoja akasema mti umepatwa na kijicho. Mwingine akanishauri niupigilie misumari. Kisha mama akaja kunitembelea mwezi wa Julai. Alishuka garini, akaomba leso ya pili ya kujifunika, akauzunguka ule mwembe polepole, akaniambia, "Mwanangu, huyu anaona baridi."

Ndilo jambo lenyewe. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari. Nakuru mjini ni kama mita 1,850. Molo inakaribia 2,500. Na kila unapopanda mita 100, joto linapungua kwa zaidi ya nusu digrii. Kwa hiyo kati ya mgeni wetu wa Kisumu na kijana wetu wa Molo kuna tofauti ya digrii 8 hivi, ingawa wamekutana hapa kabla ya saa nne na wote ni watu wa nchi moja. Usiku ukiwa na baridi, chavua ya mwembe hudhoofika, na ule ukungu wa unga mweupe hupata raha. Hakuna kijicho hapo.

Tangu siku ile niliacha kuuliza mti unazaa magunia mangapi. Swali langu la kwanza kwa kila mche mgeni ni hili: kwenu ni wapi, na huko umemwacha nani? Maana mti husafiri peke yake. Anayeuleta huleta mbegu au kijiti tu. Baridi yake, nyuki wake, popo wake, majirani zake, wote wamebaki kwao. Ukiukaribisha shambani kwako, kazi za jamaa wale zinakuwa zako. Nataka niwaonyeshe ninavyozifanya mimi.

Tuchukue tufaha, kwa sababu najua nusu yenu mmekuja kwa ajili yake. Asili ya tufaha ni milima ya Tien Shan, upande wa Kazakhstan, ambako kuna majira ya baridi kweli kweli, ya theluji. Mti hupukutisha majani, na macho ya matawi, yale yanayotoa chipukizi na maua, hujifunga, yakawa yanahesabu saa za baridi. Yakishatimiza hesabu, joto likirudi, yanafunguka yote kwa pamoja. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa 800, hata 1,000, za baridi iliyo chini ya digrii 7. Hapa kwetu, hata huko Molo, usiku unahesabu kidogo, halafu jua la mchana linakuja kufuta hesabu. Ndiyo maana mtu anapanda tufaha la ng'ambo, anakaa na majani miaka mitano, matawi yako uchi katikati, na maua mawili matatu kwenye ncha.

Dawa ya kwanza ni kuchagua aina inayohesabu kidogo. Iko Anna, iliyozalishwa Israeli, ambayo inatosheka na saa 200 hadi 300. Iko Dorsett Golden, iliyotokea Bahamas, visiwa vya joto kabisa. Zipandeni zote mbili, kwa sababu Anna haichavuki vizuri kwa chavua yake yenyewe, na hizi mbili huchanua kwa pamoja.

Dawa ya pili ni mikono. Nikishavuna, naacha kumwagilia kwa wiki tatu au nne. Kisha nachukua kigoda, nakaa chini ya mti, naondoa majani yote. Yote. Moja moja, taratibu, kwa sababu kwenye kwapa la kila jani kuna jicho dogo, limelala, lina ukubwa wa punje ya mtama, na ukilivuta jani kwa hasira unaondoka na jicho pia. Mti wa kimo changu unanichukua asubuhi nzima. Matawi yaliyosimama wima nayavuta kwa kamba yalale, kwa kuwa tawi lililolala huamsha macho mengi zaidi. Nikimaliza, mti uko mtupu kama umepitiwa na nzige, na anayepita njiani husikitika. Kisha naumwagilia maji ya kutosha. Wiki ya tatu, nikipita asubuhi na miwani yangu, naona macho yamevimba, ncha zake zimeanza kuwa za waridi. Kule Batu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, wakulima hufanya hivi hivi na huvuna matufaha mara mbili kwa mwaka, karibu kabisa na ikweta. Mti umeamini kwamba majira ya baridi yamepita. Mimi ndiye niliyekuwa baridi yake.

Sasa tushuke kwenye joto. Binti yangu ameolewa Solai, na huko amepanda pitaya, ambayo wengi mnaiita tunda la dragoni. Ni mmea wa jamii ya dungusi, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Kuupanda si kazi ngumu: unakata kipande, unakiacha kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke, ndipo unakichomeka kwenye udongo usiotuamisha maji, kando ya nguzo imara, maana ukikomaa ni mzito. Ugumu uko kwenye ua.

Ua la pitaya hufunguka usiku mmoja tu. Mara ya kwanza kuliona nilikuwa nimekwenda kumtembelea mjukuu. Baada ya chakula cha jioni binti yangu akaniambia, "Mama, vaa buti, twende." Tukatoka na tochi. Ua lilikuwa limeanza kujifungua, kubwa kama sahani ya pilau, jeupe, na harufu yake ilitufikia kabla ya mwanga wa tochi. Ndani kuna nyuzi za manjano, mamia, zimejipanga duara. Katikati yake kimesimama kijiti kinene chenye vidole vingi nchani, kama nyota. Kule kwao popo na nondo wakubwa huingiza vichwa humo wakitafuta asali, wakitoka na chavua usoni. Solai hatuwezi kuwategemea. Kwa hiyo binti yangu alishika kikombe cha chai na brashi ndogo ya rangi. Akakung'uta chavua ya ua hili kikombeni, akaenda nguzo ya tatu, akaipaka kwenye ile nyota ya ua lingine kwa upole, kama anayempaka mtoto mafuta. Aina nyingi za nyama nyekundu hazikubali chavua yao wenyewe, hivyo lazima uwe na mimea ya koo mbili tofauti. Kufikia saa tatu asubuhi, maua yote yalikuwa yamening'inia kama vitambaa vilivyolowa. Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa, yale aliyoyapaka yalikuwa matunda mekundu. Mawili aliyoyaacha bila kuyagusa, ili anionyeshe, yalikauka yakaanguka.

Kila nikishika brashi ile humkumbuka mtoto mmoja ambaye naomba mjue jina lake. Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, Wafaransa walikuwa wameleta mmea wa kutambaa wa vanila kutoka Amerika miaka mingi kabla. Ulitambaa, ukachanua, haukuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao walibaki kwao. Wataalamu walihangaika. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akachukua kijiti chembamba, akainua kile kijiwambo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, akazibonyeza pamoja kwa kidole gumba. Basi. Ua likashika. Hadi leo vanila karibu yote duniani huchavushwa kwa mkono, kwa njia ya mtoto yule. Wenye mashamba walitajirika. Yeye alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa, na alikufa maskini mwaka 1880. Hilo huniuma. Mtoto ambaye hakuna shule iliyompokea alilitazama ua kwa makini kuliko waliosoma.

Na kwa kuwa nimetaja vanila, hebu niguse mmea wetu wenyewe. Mukombero, ule mzizi wa kutafuna wenye harufu tamu, mnaujua; wengi mmeutafuna barabarani mkienda Kakamega, na hapa mjini Nakuru unauzwa kwenye beseni kando ya karanga. Ile harufu tamu inayobaki mdomoni hutokana na kemikali iliyo ndugu wa damu wa ile ya vanila: atomi ni zile zile, idadi ile ile, zimepangwa tofauti kidogo tu. Lakini mukombero unaliwa mzizi. Mchimbaji anayeingia msitu wa Kakamega huondoka na mzizi, na mzizi ukiondoka mmea umekwenda. Wakulima wa Magharibi wameanza kuupanda nyumbani, nami nimefuata. Unapenda kivuli, udongo wenye unyevu, na mti wa kuukwea. Wangu niliutoa kwa mama, nikauweka chini ya ule mwembe usiozaa. Sasa umepanda hadi matawi ya juu. Mwembe ule sikuukata, na sasa mmejua sababu.

Nije kwenye parachichi, ambapo nina kisa cha uchungu. Miaka ile kila mtu alipokuwa akizungumza habari ya Hass, nilinunua miche 20. Muuzaji simtaji. Aliniapia kwamba yote imepandikizwa, yaani kijiti cha Hass kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Kila mche ulikuwa na utepe wa plastiki umefungwa shinani, nami utepe ndio nilioangalia. Nikangoja miaka mitatu, minne, saba. Matunda yalipokuja, kila mti ulikuwa na lake: lile refu, hili la mviringo, jingine lina kokwa kubwa na nyama kama ganda la yai. Nilipochunguza mashina niliona kovu la wembe lililopita juu juu ya gamba. Alikuwa amekwaruza tu, akafunga utepe.

Kwa nini ni hasara kubwa hivyo? Hass haipatikani kwa kokwa. Mti wa kwanza ulichipuka miaka ya 1920 shambani kwa Rudolph Hass, mgawa barua wa California, naye akauandikishia hataza mwaka 1935. Kila Hass ya kweli iliyoko Murang'a, Bahati au Kisii ni kijiti cha kijiti cha kijiti cha mti ule mmoja. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, ugonjwa huo huo unaotusumbua sisi tunapopanda parachichi kwenye bonde linalotuama maji. Ukipanda kokwa yake unapata mtoto, na mtoto hafanani na mzazi.

Kwa hiyo, tafadhali, mkinunua mche msiangalie utepe. Uondoeni, au mwombeni muuzaji auondoe. Shikeni shina. Kwenye mche wa kweli, kama shubiri moja hivi juu ya udongo, mtahisi kifundo. Mara nyingi shina linapinda kidogo hapo, na gamba la juu lina rangi tofauti na la chini. Muuzaji akikasirika kwa kuombwa hilo, rudisheni pesa mfukoni, nendeni kwenye kitalu kilichosajiliwa. Na mkifika shambani, kifundo kile kibaki juu ya udongo, kisifukiwe. Chipukizi lolote linalotoka chini yake liondoeni mara moja, maana hilo ni la mwenye nyumba, litamfukuza mpangaji.

Parachichi pia lina majirani. Kila ua hufunguka mara mbili: siku ya kwanza ni la kike, linafunga, siku ya pili linafunguka likiwa la kiume. Hass huwa la kike asubuhi na la kiume alasiri ya kesho yake. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hugeuza saa hizo. Mkiiweka Fuerte moja kati ya Hass nyingi, asubuhi na alasiri kuna anayetoa na anayepokea. Hass moja peke yake itazaa, ila ikiwa na mwenzake na mzinga wa nyuki karibu, itazaa vizuri zaidi.

Kupandikiza kunasaidia pia pale mizizi ya mgeni inaposhindwa na ardhi yetu. Matunda damu, yaani nyanya za mti, yametoka milima ya Andes. Mizizi yake iko juu juu, upepo unayaangusha, na ule mnyoo mdogo wa mizizi usioonekana kwa macho unayamaliza. Wakulima wengi hupandikiza kijiti cha matunda damu kwenye ule mti pori wa majani mapana yenye sufi, unaoota ovyo kando ya msitu na ndege wanapenda vitunda vyake vya manjano. Ni ndugu yake, wa jamii moja, na yeye pia asili yake ni Amerika Kusini, isipokuwa alitangulia kufika akazoea. Tahadhari moja tu: usiuache uzae mbegu shambani, kwa sababu ni gugu sugu. Karakara nayo ni hivyo hivyo. Ile ya zambarau ni tamu lakini hunyauka ikapotea kwa ugonjwa wa udongo, basi inapandikizwa kwenye mizizi ya ile ya manjano, iliyo ngumu. Fenesi halina mambo mengi: panda mbegu ikiwa mbichi, kwani ikikauka imekufa, na uipande mahali itakapoishi, maana mzizi wake mkuu hautaki kuhamishwa.

Kuna ombi moja ambalo nitalisema bila kuzunguka. Msipitishe miche wala matunda mpakani mkiwa mmeyaficha kwenye mkoba. Najua tamaa hiyo. Nami nimewahi kusimama sokoni Busia nikitamani kila kitu. Lakini mwaka 2003 nzi mmoja wa matunda kutoka Asia aligunduliwa katika Pwani yetu, na katika miaka michache alikuwa ameenea Afrika. Leo mama wa Kisumu akipasua embe anakuta funza. Anayetaka mche wa nje aende KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, apate kibali kwanza. Na matunda yaliyoanguka yenye funza msiyatupe kwenye mbolea. Yafungeni kwenye mfuko mweusi, uachwe juani siku nyingi, au yafukieni nusu mita chini.

Nimezungumza vya kutosha, na chai naisikia harufu yake. Kwenye meza ya kushoto kuna miche 30 ya matunda damu, imepandikizwa. Njooni mshike vifundo kabla ya kuichukua. Vipande vya pitaya vilivyo kwenye kikapu ni vya wageni wetu wa Kisumu na watu wa Solai na Rongai. Ndugu zangu wa Molo, msivichukue, mtavionea. Mkifika nyumbani, kateni mfuko wa mche pande zote kabla ya kupanda. Nimefukua miti mingi iliyodumaa nikakuta mizizi imezunguka ndani ya plastiki miaka mitatu.

Na kama kuna yeyote kati yenu mwenye Dorsett Golden iliyochanua, naomba anione leo. Wangu ulivunjwa na upepo, na Anna wangu inafungua maua wiki hii bila mwenzake. Sihitaji mche. Tawi moja lenye maua linatosha, nilitie kwenye ndoo ya maji, niining'inize ndoo hiyo katikati ya matawi ya Anna. Mzinga uko hatua kumi kutoka hapo.